Barua kwa mwanangu: kabla hujaujaza mtungi ule

Mwanangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Huku Nungwi sote hatujambo, alhamdulillahi. Mama yako anakusalimu sana na anauliza kama baridi ya huko Uingereza imepungua. Bibi naye yuko vizuri, ila goti lake tu linamsumbua akiinuka asubuhi.

Picha zako nimezipata, ya bunduki ya upepo na ya mtungi wa hewa wa kuzamia ulioununua ili uijazie bunduki hiyo. Bunduki imenifurahisha, na kilichonifurahisha zaidi ni kwamba umejiunga na klabu yenye mwalimu. Kulenga shabaha kwa mita 10 ni mchezo wa watu watulivu, na umo kwenye Olimpiki tangu Los Angeles mwaka 1984. Kwa hiyo bunduki sina neno nayo. Neno langu liko kwenye mtungi, na kwenye ule ujumbe wako kwamba unataka kununua kompresa ndogo ya kuunganisha na betri ya gari ili ujijazie mwenyewe chumbani. Riziki ya nyumba hii imetoka kwenye kujaza mitungi ya wazamiaji, nawe umekua unaisikia kompresa ikinguruma. Katika hili siwezi kukunyamazia.

Ile picha ya bega la mtungi nimeikuza mpaka nikasoma mihuri yote. Pameandikwa PW 232: hiyo ndiyo presha ya kazi, bar 232, yaani karibu mara 232 ya presha ya hewa inayotuzunguka. Pameandikwa PT 348: presha ya majaribio, mara moja na nusu ya ile ya kazi. V 12.0 ni ujazo, lita 12. Kisha zinakuja tarehe, na ya mwisho niliyoiona ni ya mwaka 2014. Kama kuna nyingine upande wa pili ambao hukuupiga picha, nitumie. Kama haipo, mtungi huo usiujaze hata bar 10. Huko uliko, mtungi wa mzamiaji hukaguliwa ndani kila miaka miwili na nusu, na kila miaka mitano hupimwa kwa presha ya maji. Muuzaji alikwambia uko sawa kwa sababu haujaingia baharini muda mrefu. Mwanangu, kutu haisubiri bahari. Unyevu kidogo uliobaki ndani unatosha, na hewa iliyosongwa hadi bar 200 na zaidi ina oksijeni nyingi mno kwenye nafasi ndogo, kwa hiyo chuma huliwa haraka kuliko kikiwa wazi uani. Kwa nje rangi inang'aa, kwa ndani ukuta unapungua unene, na jicho lako halifiki huko.

Ujue pia kwa nini upimaji hufanywa kwa maji na si kwa hewa. Maji hayasongeki. Mtungi mbovu ukishindwa wakati umejaa maji, hupasuka, maji yakamwagika, mambo yakaisha. Ukishindwa umejaa hewa, hewa yote iliyosongwa hutaka kurudi kwenye ukubwa wake kwa mpigo mmoja. Mtungi wako wa lita 12 kwenye bar 232 unabeba hewa ya karibu lita 2,800. Nimekaa nikapiga hesabu ya nguvu inayotoka hewa hiyo ikifumka: ni karibu kilojuli 550, sawa na gari la tani moja na nusu likienda karibu kilomita 100 kwa saa. Na wewe umeusimamisha pembeni ya kitanda.

Sehemu ya mtungi ninayoichunga kuliko zote ni shingo, pale valvu inapoingia. Kuna valvu zenye nyuzi za M25 (upana wa milimita 25) na kuna mitungi ya zamani yenye nyuzi za robo tatu ya inchi. Kwa macho zinafanana. Valvu ya M25 ukiifunga kwenye shingo ya robo tatu itaingia, itashika kwa ncha za nyuzi, na mkononi utaiona imekaza. Presha ikipanda wakati wa kujaza, valvu hutoka kama risasi. Watu wamekufa kwa kosa hilo, na wengine walikuwa mafundi wa kazi hiyo hiyo. Basi valvu usiibadilishe wewe, wala rafiki yako mwenye spana nzuri. Peleka kituo cha upimaji, nao wataandika walichofunga.

Halafu maungio. Tundu la valvu ya bar 232 lina nyuzi tano, la bar 300 lina saba na kina kirefu zaidi. Limefanywa hivyo makusudi, ili kifaa kilichotengenezwa kwa presha ndogo kisiweze kuziba kwenye mtungi wa presha kubwa. Ukiona kifaa hakishiki, usitafute kipande cha kukishikisha. Na hozi za gereji, zile za kujazia matairi na kupulizia rangi, zimetengenezwa kwa bar 10 hivi. Zisikaribie kabisa kazi hii hata kama ncha zake zinaingiana.

Sasa siku ya kujaza bunduki, kwa mtungi uliopimwa, fanya nilivyokuonyesha hapa, maana tofauti ni ndogo. Fungua kwanza uangalie oringi, ile pete ya mpira ya kuziba hewa, kwenye maungio. Ipitishe ukucha taratibu kuizunguka. Ukihisi mkwaruzo au sehemu iliyolala bapa, itupe, ni kitu cha bei ndogo. Paka grisi ya silikoni kiasi cha kuing'arisha tu. Unganisha, funga skrubu ya kutolea hewa, kisha ukae upande, uso wako usielekee valvu wala mwisho wa hozi. Ndipo uifungue valvu kidogo mno, mpaka usikie sauti nyembamba na sindano ya geji ianze kutambaa. Ikiruka, umefungua sana, ifunge. Bunduki yako imeandikwa bar 200, basi ni 200. Ukipitisha hupati nguvu zaidi. Nyundo ya ndani hushindwa kuisukuma valvu dhidi ya presha, risasi ikatoka dhaifu, nawe umeutesa bure mtungi mdogo ulio kwenye bunduki. Ukimaliza, funga valvu ya mtungi mkubwa, toa hewa iliyobaki kwenye hozi, subiri geji isome sifuri, ndipo uchomoe. Kiungio kikigoma kutoka, maana yake bado kuna presha. Usikilazimishe kwa spana.

Upole huo una sababu. Hewa ikisongwa ghafla kutoka bar 1 hadi bar 200 bila kupata nafasi ya kupoa, kwa hesabu joto lake hupita nyuzijoto 1,000. Hilo hutokea pale mwisho wa hozi, sehemu ndogo sana, kwa muda mfupi sana. Pakiwa na mafuta ya kawaida, ya baiskeli au yale ya kupuliza kwenye bawaba, huwaka. Ndiyo namna injini ya dizeli inavyofanya kazi bila plagi. Kwa hiyo grisi ni ya silikoni tu, na mikono iliyotoka kushika cheni ya baiskeli ioshwe kwanza.

Na oksijeni, hata siku moja. Utakutana na mtu mwenye mtungi wa oksijeni wa kuchomelea au wa hospitali, akwambie hewa ni hewa. Hewa tunayovuta ina oksijeni asilimia 21 hivi. Oksijeni tupu kwenye presha hiyo huwasha mafuta, huwasha mpira, na ikishashika huwasha hata metali ya valvu. Bunduki iliyojazwa oksijeni ni bomu lililoshikwa karibu na shavu. Mtu akikupa wazo hilo, ondoka alipo.

Ukisikia hewa inavuja, usitafute kwa kidole. Tumia povu la sabuni na brashi. Hewa ya presha ikipata kijitundu inaweza kupenya ngozi ikaingia ndani ya nyama, na jeraha lake hudanganya: alama ndogo kama ya sindano, maumivu kidogo, mtu anaendelea na kazi. Likitokea, nenda hospitali saa hiyo hiyo na uwaambie wazi kwamba ni hewa ya presha kubwa, usisubiri mkono uvimbe. Miwani ya kukinga macho uwe nayo kila ukijaza, si siku za kulenga peke yake.

Kuhusu kompresa, rai yangu ni usinunue. Si kwamba zote ni mbaya. Lakini kompresa ya bar 300 inataka mtu wa kukaa nayo: kumwaga maji ya kwenye kichujio kila baada ya muda mfupi, kubadilisha chembechembe za kunyonya unyevu zikichoka, kuiangalia isipate joto kupita kiasi. Wewe una masomo. Tena ina kisahani chembamba cha usalama kinachopasuka presha ikizidi, na nimeona watu wakichoka kukibadilisha wakaweka bati nene. Hapo wameziba mlango pekee ambao hewa ingetokea kwa amani. Hesabu yenyewe pia haikuhitaji. Mtungi wa bunduki yako ni kama lita 0.2. Kuutoa bar 100 ukaufikisha 200 unatumia lita 20 za hewa. Mtungi wa lita 12 ukishuka kutoka bar 232 hadi 200 unatoa karibu lita 380. Hizo ni mara 19 za kujaza kamili, na kila mara utakuwa unaondoka duka la vifaa vya kuzamia na hewa kavu iliyochujwa na watu wanaowajibika nayo.

Mtungi mdogo wa bunduki nao una tarehe yake ya mwisho. Angalia maandishi yake. Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Kulenga Shabaha (ISSF) linamwachia mchezaji mwenyewe jukumu la kuhakikisha haijapita. Usiupeleke kupakwa rangi ya unga inayookwa, kama wafanyavyo vijana wanaopenda urembo, maana joto la tanuri hulainisha alumini na uimara wake haurudi.

Nimesoma habari moja nikakukumbuka. Meriwether Lewis, yule Mmarekani aliyeongoza msafara wa kuvuka bara kwenda Bahari ya Pasifiki, alikuwa na bunduki ya upepo. Tarehe 30 Agosti 1803, siku ya kwanza kabisa ya safari, walisimama kisiwani karibu na Pittsburgh akaionyesha watu. Akaifyatua mwenyewe mara kadhaa, kisha akampa mtu asiyeijua. Ikafyatuka. Risasi ikapita kwenye kofia ya mwanamke aliyekuwa hatua kama arobaini, ikamchana kwenye panja. Alianguka damu ikimtoka wakadhani amekufa, kumbe jeraha halikuwa la kuua. Hata hao waliokuwa wakijiandaa kukata bara zima walisahau kwamba bunduki isiyo na baruti bado ni bunduki. Kwa hiyo ukijaza, hakikisha haina risasi chemba, na mdomo wake uelekee mahali ambapo hata ikifyatuka haimkuti mtu. Rafiki akitaka kuishika, umfundishe kwanza, umpe baadaye.

Na mkialikwa mashindano Uskoti, muulize mwalimu wako mapema kuhusu kibali, kwa sababu tangu 31 Desemba 2016 sheria ya huko inataka kibali hata kwa bunduki za upepo ambazo England hazihitaji.

Wiki hii fanya hivi. Mtungi utoe chumbani. Kama geji inaonyesha una hewa, fungua valvu kidogo nje mahali pa wazi uache itoke taratibu, usiimalize kabisa, bakisha kidogo ili unyevu usiingie. Ulaze garini ukiwa umefungwa kamba usiviringike, valvu isiwe mahali pa kugongwa, uupeleke kituo cha upimaji. Wakiukataa, wamekufanyia hisani. Usibishane nao wala usiuombe urudi nao nyumbani. Nitakutumia fedha ya kuongezea ununue wa lita tatu mpya, ambao pia hautakuvunja mgongo kupandisha ngazi. Wakiupitisha, piga picha ya muhuri mpya na ya cheti unitumie, pamoja na picha ya hozi na geji yako pande zote mbili. Nikishaziona nitakupigia, tujaze pamoja mara ya kwanza, simu ukiwa umeisimamisha mahali ninapoiona sindano.

Wasalaam,
Baba yako