Filamu tatu za James Dean, ukumbi kwa muda wa saa saba tu: tuache ipi?

Mhariri mpendwa,

Hujambo? Sisi ni wasimamizi wa kikundi cha vijana waigizaji hapa Kisumu. Tunaomba ushauri wako na wa wasomaji waliowahi kuonyesha filamu ndefu mtaani. Jumamosi ya mwisho ya Septemba tunataka vijana wamwone mwigizaji wa Marekani James Dean akiwa kazini, maana wengi wanachojua ni lile koti jekundu na ajali.

Ajali haina mengi. Tarehe 30 Septemba 1955, karibu na Cholame, California, Porsche yake iligongana na gari lingine kwenye makutano ya barabara, akafa na miaka 24. Nafasi kubwa aliigiza katika filamu tatu tu, na iliyotoka akiwa hai ni East of Eden peke yake. Rebel Without a Cause ilitoka mwezi uliofuata, Giant mwaka 1956.

Shida yetu ni muda. East of Eden ni dakika 115 hivi, Rebel 111, Giant 201. Jumla 427, na ukumbi tunao tangu saa tatu asubuhi hadi saa kumi, yaani dakika 420, chai na chakula bado. Kuongeza muda hakuwezekani, kwani wa Ahero na Maseno lazima wawahi matatu.

Rahisi ingekuwa kuitoa Giant. Lakini kwa anayejifunza kuigiza, somo liko humo: kijana wa miaka 24 anakuwa Jett Rink, tangu kibarua hadi tajiri wa mafuta mwenye mvi. Mwangalie anavyokipima kwa hatua kipande cha ardhi alichorithi, bila neno, kisha anapanda mnara wa kinu cha upepo na kuketi. Ina kasoro pia, nayo inafundisha: katika hotuba ya ulevi karibu na mwisho Dean alimumunya maneno hadi hayakusikika vizuri, na kwa kuwa alikwisha kufa, baadhi yake yaliingizwa kwa sauti ya mwigizaji Nick Adams.

Hapo ndipo paa la mabati linapotutia wasiwasi. Dean hula maneno, na mvua ya alasiri ya huku ziwani ikishuka, spika zetu mbili hazifui dafu. Ndiyo maana baadhi yetu wanataka Giant ianze asubuhi. Wengine wanashikilia mpangilio wa miaka. Katika East of Eden, Cal (ndiye Dean) anamkumbatia baba aliyezikataa pesa zake, jambo ambalo mswada haukuwa nalo, na mshtuko wa Raymond Massey, aliyeigiza baba, ni wa kweli. Ukishaona kijana akimwaga moyo hivyo, unatambua Jett anaficha kiasi gani.

Kuna na picha yenyewe. Shuka letu ni mita 3 kwa 1.7. East of Eden na Rebel zina upana mara 2.55 ya kimo, kwa hiyo kimo kitakuwa mita 1.18 tu, weusi juu na chini. Mtu wa projekta akishawishika kuikuza picha ijaze shuka, karibu theluthi ya upana inapotea, na maandishi marefu ya chini yanakatwa ncha. Pale mezani, Biblia ikisomwa na kamera imeinamishwa, mwongozaji wa East of Eden, Elia Kazan, amewatenga baba na mwana kwa upana huohuo. Heri picha fupi.

Kibali cha Bodi ya Uainishaji wa Filamu tunakishughulikia, hicho si swali.

Hesabu inatupa njia mbili. Tukitenga dakika 60 za chakula na 20 za chai, East of Eden na Giant nzima zinaingia, zinabaki dakika 24 za mazungumzo. Lakini basi Rebel imeachwa, nayo ndiyo ya koti jekundu, ndiyo itakayowaleta watu, ingawa kwa maoni yetu ndiyo yenye somo dogo zaidi kwa mwigizaji. Njia ya pili ni Rebel ibaki pia, na Giant ikatwe vipande vyenye jumla ya dakika 90 hivi: kupima ardhi, mafuta kufumka, hotuba. Je, watazamaji wageni wataufuata uzee wa Jett bila miaka ya katikati, au msimulizi asimame kati ya kipande na kipande? Na spika zikae wapi chini ya mabati, mbele kando ya shuka au katikati ya viti?

Wasimamizi wa kikundi,
Kisumu