Uraia usipitie mlango wa kabila

Mhariri,

Sisi Wakenya tukizungumzia makabila yetu, twaanza na idadi. Wengi tulikaririshwa 42. Mwaka wa 2017 Wamakonde wakawa la 43, na mwaka huohuo Wakenya wenye asili ya Kihindi wakatangazwa la 44. Washona walikabidhiwa uraia 2020, Wapemba wa pwani 2023. Kila mara pamekuwa na ngoma na vigelegele, na furaha ile ilistahili. Lakini watu hao walikuwa kina nani hapa nchini kabla ya kutangazwa?

Wamakonde wa Kwale walikuja enzi za mkoloni kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa. Wajukuu wao wamezaliwa huku, hawajui kwao kwingine. Hata hivyo, Oktoba 2016 iliwabidi watembee kutoka Kwale hadi Nairobi kudai kipande, yaani kitambulisho cha taifa.

Asiye na kipande hasajili laini ya simu kwa jina lake, wala hafungui akaunti. Mvuvi wa Kipemba alikesha baharini ndani ya chombo cha mwingine, kwa leseni ya mwingine, na pesa zake akazihifadhi kwenye simu ya jirani. Wakigombana, au jirani akifariki, akadai wapi?

Wanubi nao, ambao mababu zao waliletwa na jeshi la Waingereza, kwa miaka mingi vijana wao wamepigwa msasa, yaani kuhojiwa na kukaguliwa kabla ya kupewa kipande, wakidaiwa hadi karatasi za babu, ilhali wenzao wa makabila makubwa wanajaza fomu na kwenda zao. Februari 2025 Rais alitangaza kuukomesha msasa huo kwa kaunti za mpakani. Ni hatua njema. Ila tangazo la rais mmoja hufutwa na la mwingine, na Sheria ya Usajili wa Watu bado inamtaka anayejisajili ataje kabila au rangi yake. Shina la matatizo ni hapo. Afisa akikuta jina asilolizoea, anasita, na kusita kwake kunamgharimu mtu miaka.

Uganda iliandika orodha ya jamii zake ndani ya katiba: 56 mwaka wa 1995, zikawa 65 mwaka wa 2005. Walioachwa nje bado wanabisha hodi. Tanzania iliuliza kabila mara ya mwisho katika sensa ya 1967, na Wasukuma hawakuacha kuwa Wasukuma.

Nisieleweke kwamba nataka makabila yafifie. La hasha. Kifungu cha 7 cha Katiba yetu kinaiagiza serikali ilinde lugha za wananchi, na ningependa tuone agizo hilo likitekelezwa. Waelmolo wa Ziwa Turkana wamehesabiwa miongoni mwa makabila yetu miaka yote, lakini lugha yao imekufa na leo wanazungumza Kisamburu. Orodha haikuwaokolea hata neno.

Naomba wabunge wakiondoe kipengele cha kabila katika sheria hiyo ya usajili. Swali hilo libaki kwenye sensa, ambako kila mtu hujitaja mwenyewe bila kudaiwa ushahidi. Kwa kipande, yatosha mtu kuonyesha alipozaliwa na wazazi wake walipoishi, awe Mkikuyu, Mshona au Mnubi.

Msomaji wako