Ubeti Ambao Bibi Huuruka

London,
Jumapili, baada ya magharibi

Mama yangu mpenzi,

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Naibusu mikono yako na ya Bibi, na natumai barua hii itawakuta nyote mkiwa wazima na goti la Bibi likiwa limepoa. Mimi sijambo, baridi imeanza kuuma, lakini lile koti ulilolitilia shaka linanitosha. Utajiuliza kwa nini nimeshika kalamu ilhali juzi tu tulizungumza kwa simu. Sababu utaiona huko mbele.

Muhula huu tumesoma kazi mbili zinazohusu mzazi na binti. Ya kwanza ni King Lear ya Shakespeare, kisa cha mfalme mzee anayewataka binti zake watatu watamke mbele ya watu jinsi wanavyompenda, ndipo awagawie nchi. Nililia pale mzee anapoingia amembeba Cordelia, binti yake mdogo, mikononi akiwa maiti, sikuweza kujizuia. Hata hivyo, tangu mwanzo nilikuwa nikijiambia kwamba mzee yeyote wa mtaa wetu wa Mkomani angejua kuwa mtoto anayemsifu baba yake kupita kiasi barazani ana lake jambo. Mwalimu alicheka, akaniambia niliandike hilo katika insha. Nililiandika, nikapata alama za wastani, na habari ya Lear ikaishia hapo.

Ya pili, Mama, ni Utendi wa Mwana Kupona, ule ambao mama anamuusia binti yake.

Sijui nikueleze vipi nilivyojisikia nilipougawiwa darasani, beti 102 zilizopigwa chapa na kutiwa nambari, na chini ya kila ukurasa maelezo kwamba mato ni macho na mai ni maji. Nilihisi kama mtu aliyeingia jumba la makumbusho akaukuta uteo wa kwao umewekwa ndani ya kabati la kioo. Maneno hayo mimi niliyapokea kinywani mwa Bibi, amekaa uani akichagua mchele, anaghani huku vidole vikitupa chuya pembeni, wala hakuna siku aliyoniambia kwamba utendi huo ulitungwa mwaka 1858 au kwamba umefasiriwa na kuchapishwa ng'ambo. Kumbe hata hati za tenzi alizozinakili kwa mkono wake Muhamadi Kijumwa, mwandishi na mchonga nakshi wa Lamu yetu, ziko katika mji huu ninaoishi, kwenye maktaba ya chuo kikuu cha SOAS.

Mwalimu aliniomba nisome beti za mwanzo kwa sauti. Nilijaribu kuzisoma kama mtu asomavyo gazeti, nikashindwa. Ulimi ulikataa kabisa kwenda bila mahadhi ya Bibi. Basi nilighani. Mizani nane, nane, nane, na kila mstari wa nne ukirudi kwenye kina kile kile kama mtumbwi unaorudi bandari moja. Darasa lilinyamaza. Neno la kwanza, Negema, lilikuwa limeelezwa kuwa ni “sogea karibu”, na maana hiyo ni sahihi, ila mimi nililisikia zaidi ya hapo, kwa sababu Bibi huniita hivyo anapotaka kunisuka, au anapotaka kuniambia jambo ambalo wanaume wa nyumba wasilisikie. Mbele kidogo Mwana Kupona, ambaye maradhi yamemshika mwaka mzima, anamwambia binti yake akae mbele yake na wino na karatasi. Ndiyo maana nami nimetafuta wino na karatasi.

Baada ya kughani ukaja mjadala, na mjadala ulikuwa mchungu. Wenzangu waliona mwanamke anayemfundisha binti yake kunyenyekea. Walitaja zile radhi tano, ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama na ya mume, wakauliza kwa nini mume awekwe katika safu hiyo. Wakataja beti zinazosema kwamba Siku ya Kiyama mume ndiye atakayeulizwa mkewe aende wapi. Mmoja alisema utendi huu ni mwongozo wa utumwa wa ndoa. Mama, sitakuficha: nilikasirika, lakini nusu ya moyo wangu ilikubaliana naye. Zipo beti humo ambazo siwezi kuzisoma nikasema hewala. Nilinyamaza kwa sababu sikutaka kuwa wakili wa nyumbani mbele ya watu wasiopajua, wala sikutaka kuwa shahidi dhidi yake.

Kilichonitoa kimya ni neno moja. Mwana Kupona anamwambia binti yake amtunze mume kama kijana asiyejua kunena. Mwenzetu mmoja kutoka Tanzania alisema hapo kijana ni mvulana wa makamo ya kuoa, na akaona ubeti hauna mantiki, kwani mvulana wa rika hilo atakosaje kusema? Nikamweleza kwamba kwetu Amu, yaani Lamu, kijana ni mtoto, hata mchanga. Ubeti ukageuka palepale. Bwana mkubwa tuliyekuwa tukimwona katika beti nyingine amelala huku mkewe akimpepea, kumbe anafananishwa na kitoto ambacho hakijaanza kutamka, ambacho mama hukisoma haja zake usoni na kukituliza kabla hakijalia. Sidai kwamba Mwana Kupona alikuwa akiwacheka wanaume chini ya buibui, ingawa wapo waliousoma utendi kwa jicho hilo. Ninachojua ni kwamba nimekuona wewe na shangazi zangu mkilitumia jicho hilohilo, na mara nyingi lililoamuliwa nyumbani lilikuwa lenu.

Usiku huo niliusoma upya wote, safari hii nikikumbuka mwandishi alikuwa nani. Mumewe, Bwana Mataka wa Siyu, ndiye aliyesimama dhidi ya majeshi ya Sayyid Said wa Zanzibar, naye alifariki mwaka 1856. Kwa hiyo aliyetunga ni mjane na mgonjwa, mwenye binti asiye na baba, katika visiwa ambavyo vita vyake havijasahauliwa, na yeye mwenyewe alikufa miaka michache baadaye. Nilipoufikiria utendi kwa namna hiyo, beti za mume zilianza kusikika kama hesabu ya mzazi anayejua kwamba kesho hatakuwepo, na kwamba radhi ya mume huenda ikawa ndiyo paa pekee la mwanawe. Hesabu hiyo siikubali hadi leo, ila siwezi tena kumlaumu aliyeipiga.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike. Mapema katika utendi upo ubeti unaomkataza binti kuchanganyika na watumwa isipokuwa wakati wa kazi za nyumbani. Niliposoma mstari huo nilisimama, kwa maana sikuwahi kuusikia. Mimi niliyelala miaka mingapi pajani kwa Bibi, ninayeweza kumwendelezea popote anapokatisha, ubeti huo sikuwa nao kabisa. Nilijighania mara tatu chumbani peke yangu, na kila mara mahadhi ya Bibi yaliupita moja kwa moja hadi unaofuata, bila kusita, kama mtu anayejua kwamba ngazi ile ina kidato kibovu.

Utumwa kwetu haukufutwa kisheria hadi mwaka 1907, na mama yake Bibi alizaliwa karibu na wakati huo. Kila nyumba ya mawe ilikuwa na waliokaa ndani na waliokaa jikoni, nasi hatuna desturi ya kuulizana nani alikuwa wapi. Nimejiuliza kama Bibi aliupokea utendi ukiwa tayari umepunguzwa, au kama aliupunguza mwenyewe kwa kuwa na haya mbele ya wajukuu. Nimejiuliza pia, na hili nakuandikia wewe tu, kama mmoja wa wahenga wetu aliusikia ubeti huo akiwa upande wa jikoni.

Nakuomba, Mama, siku moja Bibi akiwa na uteo wake, keti karibu naye na umwombe aughani utendi tangu mwanzo, kisha umrekodi kwa simu. Usimwambie kwamba nimeuliza. Akifika hapo, mtazame vidole vyake kama vitasimama, uniandikie ulichokiona. Usinipigie, andika.

Wasalimie wote wa nyumbani, na umwambie Ali kwamba deni lake la halwa sijalisahau.

Mwanao akupendaye,
Zuhura