Ile rangi ya sebuleni kwangu

Shoga yangu Rehema,

Salamu sana. Huku kwetu wazima, isipokuwa bega langu la kulia, ambalo tangu nimalize kupaka dari halitaki hata kuanika nguo.

Ujumbe wako niliupata. Umeuliza swali la mstari mmoja: "Ile rangi ya sebuleni kwako inaitwaje, nikanunue?" Nikaandika jibu, nikafuta, nikaandika tena, mwisho nikaona afadhali nikae nikuandikie barua. Jina nikikupa litakupoteza. Kila kiwanda kina majina yake, hili la jani, lile la jiwe, lile la ukungu, na makopo mawili yenye majina yanayofanana huweza kutoa rangi mbili zisizojuana. Na hata ukibahatika kupata kopo lilelile, ukutani kwako itatoka nyingine. Kwangu mwenyewe imetoka tatu, na vyumba vyote vitatu nimevipaka rangi hiyo moja.

Kwanza tuelewane tunasema rangi gani. Umewahi kutazama kichaka kilicho kando ya barabara ya vumbi mwisho wa kiangazi? Majani ni ya kijani, unajua kabisa ni ya kijani, lakini vumbi limeyatuliza. Ndiyo hiyo. Wengine huiita kijani kijivu, wengine kijani cha majivu. Fundi wangu aliiita "kijani kilichopauka", na hakuwa akiisifu. Mama mkwe siku ya kwanza alizunguka sebule nzima kimya, akagusa ukuta kwa kidole, akaniuliza, "Na rangi yenyewe mnapaka lini?" Alidhani ni andakoti, ile ya kutanguliza chini ya rangi yenyewe.

Sikununa, maana alikuwa ameisema sifa yake bila kujua. Ukiingia unaona kwanza viti, zulia, nyuso za watu. Ukuta unaugundua baadaye, umeshakaa. Ile ya zamani, unaikumbuka, ile ya chungwa, ilikuwa inamsalimia mgeni kabla yangu.

Nilimsimamia fundi akichanganya. Alianza na kijani kikali, akatia nyeupe nyingi, halafu akachovya kijiti kwenye kopo la nyekundu. Nikapiga kelele. Akanitazama tu, akaendelea kukoroga, na mbele ya macho yangu ule ukali ukazama. Kumbe nyekundu na kijani ni mahasimu: vikikutana kila kimoja humpunguza mwenzake, na kinachobaki ni kijivu chenye damu ya yule aliyezidi. Ukitaka kukipoza kijani kwa nyeusi peke yake, kinakuwa kizito na kichafu, kama maji yaliyooshewa brashi. Nami baadaye nikajaribu langu juu ya kifuniko cha kopo: nyeusi tone moja, njano ya udongo matone manne, nyeupe kiasi. Kikatoka kijani, Rehema, na sikuwa nimetia kijani hata chembe.

Tena kuna udongo ambao wenyewe una rangi hiihii, umetulia tangu ardhini. Warumi waliupaka kwenye kuta zao, na wachoraji wa Italia wa zama za kati waliutanguliza chini ya rangi ya ngozi walipochora nyuso. Karne zikapita, waridi ya juu ikachakaa, na baadhi ya watakatifu wamebaki na mashavu ya kijani mpaka leo. Hilo halikuhusu, ila nimelipenda.

Linalokuhusu ni mwanga. Sebule yangu madirisha yake yanatazama magharibi. Asubuhi ukuta ni wa kijivu, hauna habari na mtu. Saa kumi jua linapoingia, unageuka na kuwa kama nyasi kavu, karibu na manjano. Chumba cha kulala hakipati jua la moja kwa moja hata dakika tano, na humo rangi ileile ikawa kama saruji mbichi. Hilo la mchana ningelivumilia. Usiku ndio ulinishinda. Tulikuwa na balbu moja nyeupe sana katikati ya dari, na nilipoiwasha siku ile ya kwanza tulitazamana mimi na Baba Salma, sote wawili tumekuwa wagonjwa. Akakaa kwenye ukingo wa kitanda, akakunja mikono, akasema, "Nasubiri namba yangu iitwe."

Usimcheke, hakukosea sana. Mwaka 1914 kulikuwa na daktari wa upasuaji huko San Francisco, Harry Sherman, aliyechoshwa na mng'ao wa chumba cheupe cha upasuaji, akaamua kipakwe kijani ili macho yake yapumzike kutoka kwenye wekundu wa damu. Hospitali nyingine zikaiga, kwa hiyo macho yetu yameshazoea kuuona ukuta wa kijani na kunusa dawa.

Nilikuwa nimeshaanza kuhesabu fedha za kupaka upya. Kilichoniokoa ni balbu iliyoungua sebuleni. Nilihamisha ya chumbani kwenda sebuleni, chumbani nikaweka ile ya taa ya mezani, yenye mwanga wa manjano, na ukuta ukalegea palepale. Ndipo nikasoma maandishi ya kwenye boksi, jambo ambalo sikuwahi kulifanya maishani. Ile nyeupe ilikuwa kelvini 6500 (ndicho kipimo cha rangi ya mwanga), mwanga wenye ubuluu ndani yake. Hii nyingine ilikuwa 2700. Siku hizi chumbani tuna taa mbili za pembeni za namna hiyo, ile ya darini tunaiwasha tukipoteza kitu, na Baba Salma hajaitwa namba tena.

Kuna na saa moja ya jioni ambayo nakuombea uipate kwako. Kabla hujawasha taa yoyote, mto mwekundu uliopo kwenye kochi unakuwa mweusi, karibu usiuone, lakini ukuta bado unatoa kimwanga. Si uchawi. Giza likiingia jicho huiachia nyekundu mapema, likabaki na buluu na kijani. Mcheki mmoja, Jan Purkinje, aliliona jambo hilo katika karne ya 19 na mpaka leo linaitwa kwa jina lake. Mimi saa hiyo naizuia familia nzima isiguse swichi.

Sasa usifanye nilivyofanya mimi, kupaka viraka vidogo ukutani. Nilipaka vinne juu ya ile chungwa, nikachagua kilichopendeza, na kilipokuja kuenea ukuta mzima kilikuwa kingine. Chungwa ndiyo iliyokuwa ikikisukuma kiwe kijani zaidi. Kule Paris, kwenye kiwanda cha mazulia cha Gobelins, walikuwa wakilalamika kwamba nyuzi zao nyeusi zimefifia. Mkuu wa kitengo cha rangi, Michel Eugène Chevreul, akachunguza akakuta baadhi ya nyuzi hizo hazina kasoro. Kasoro ilikuwa nyuzi zilizokaa jirani. Mwaka 1839 akatoa kitabu kizima juu ya jambo hilo. Mimi nimelijua kwa hasara ya kopo moja.

Chukua kadibodi kubwa, angalau urefu wa mkono wako. Ipake mara mbili, acha ukingo mweupe pande zote, iache ikauke mpaka kesho yake. Usiihukumu ikiwa mbichi. Rangi ya maji aghalabu hukolea ikikauka, na mimi saa ya kwanza nilitaka kuirudisha dukani nikidhani ni nyepesi mno. Kisha tembea nayo. Isimamishe nyuma ya kochi, ilaze karibu na sakafu, ipeleke kwenye kona ambayo jua halifiki. Asubuhi, mchana, usiku. Watu watakuona umechanganyikiwa, na iwe hivyo.

Kwenye kadi za rangi mara nyingi kuna namba inayoonyesha rangi inarudisha mwanga kiasi gani, kuanzia 0 ya nyeusi tupu mpaka 100 ya nyeupe tupu. Kwa chumba chako kile cha nyuma chenye dirisha dogo usishuke chini ya 50.

Majirani zake nao uwachague. Mbao inapendana nayo, hasa ile nyekundu-nyekundu, kwa uhasama uleule wa kwenye kopo la fundi, ila safari hii kila mmoja anamng'arisha mwenzake kwa kuwa hawajachanganyika. Shaba nayo inakaa vizuri. Nyeupe kali ya darini ndiyo mbaya wake, inaufanya ukuta uonekane haujafuliwa. Mimi nilichukua nyeupe ya dari nikatia kikombe kimoja cha rangi ya ukuta, na hakuna anayejua dari si nyeupe.

Lakini kama ungekuwa na fedha ya kopo moja tu, ningekwambia uache kuta zote, upake kabati. Lile kabati la marehemu shangazi, lililokuwa limepigwa vanishi mpaka likawa jeusi, nimelisugua msasa siku mbili, nikalipiga praima, kisha kijani hiki cha mafuta mara mbili kwa brashi nyembamba. Vitasa vyake vya shaba nilivirudisha jinsi vilivyokuwa, na alama za vidole vya watu. Ukifungua mlango wa kushoto kuna tone moja lililotiririka likagandia ukingoni kabla sijaliona. Salma hulipitishia ukucha kila akichukua shuka. Sitaliondoa.

Korido niliipaka pamoja na milango na fremu zake, rangi moja kila kitu, na imekuwa kana kwamba imepanuka. Bafuni sina la kusema, ni ukuta mmoja juu ya vigae. Nje ya nyumba sikushauri: ikisimama kando ya majani yenyewe inaonekana buluu iliyokufa.

Nikwambie na aibu yangu nyingine. Nilinunua pungufu. Ukuta wa mwisho nikaishiwa, nikarudi kuchanganyiwa kopo jingine kwa namba ileile, na likatoka tofauti kidogo, tofauti ambayo mgeni haoni na mimi nalala nayo. Lita moja kwenye ukuta laini hupaka kama meta mraba 10 hadi 12 kwa mara moja, na wewe utapaka mara mbili. Chumba cha meta 4 kwa 4 chenye kuta za meta 2.7, ukitoa mlango na dirisha, kinataka karibu lita 8. Nunua zote siku moja, zimimine kwenye ndoo moja kubwa, koroga, ndipo uanze. Na ukija kuishiwa hata hivyo, ishia kwenye kona, usiishie katikati ya ukuta.

Halafu usidanganywe na ule mng'ao. Rangi inayong'aa inafutika uchafu vizuri, ni kweli, lakini plasta yako naijua. Jua likiupiga ukuta kwa pembeni utahesabu kila mahali mwiko wa fundi ulipopita. Chukua isiyong'aa sebuleni na chumbani. Inayong'aa kidogo iweke pale mikono ya watoto inapofika.

Niandikie madirisha yako yanatazama wapi, maana nimesahau, na kochi lako jipya ni la rangi gani. Kadibodi yangu nampa Salma akuletee Jumamosi. Asiikunje, na wewe usiitazame usiku ule atakapofika, ngoja kukuche.

Wasalimie wote hapo, na Mama yako umwambie simu yake nitaipiga kesho bila kukosa.

Wako,
Mama Salma