Wazungu nao wana ngoma, mhariri

Mhariri, habari za kazi. Kuna mwandishi wenu wiki jana kaandika eti wazungu hawana ngoma ya asili, wanachojua ni disko na kupiga piano huku wanasoma karatasi. Mimi niko Glasgow, Uskochi, mwaka wa sita sasa, nilicheka peke yangu kwenye basi watu wakanigeukia.

Juzi Ijumaa nimetoka shifti, baridi la kufa mtu, nikajitupa kwenye baa moja nikakuta watu kama tisa wamezunguka meza, fidla nne, akodiani, filimbi ya bati na jamaa mmoja ana zile zumari za Ireland ambazo hazipulizwi kwa mdomo kabisa, mkono wa kulia amefunga mvukuto mdogo kama wa mhunzi, mfuko kaubana kwapa la kushoto, upepo wote unatoka kwenye kiwiko, na hilo jina lao uilleann maana yake ndiyo hiyo hiyo, kiwiko. Hakuna jukwaa, hakuna spika, karatasi sikuona hata moja. Wanarudia mara tatu hivi halafu anayeongoza anainua nyusi tu, wote wanahamia wimbo mwingine bila kusimama, usiyeujua unalaza fidla mapajani unasikiliza.

Sasa ngoma yenyewe, ile tuliyoambiwa hawana. Wanaiita bodhrán, duara kama dufu, na ngozi ni ya mbuzi! Mkono mmoja unacheza na kijiti, mwingine uko kwa ndani unabana ngozi kubadilisha sauti. Sisi nyumbani ngoma tunaiotesha moto ikaze si ndio, huyu mzee akachovya vidole kwenye glasi ya maji akapaka ngozi kwa ndani, kumuuliza ananiambia hita ya humu imeikausha mno inalia kama ndoo.

Halafu mama mmoja wa visiwa vya Hebrides, huku huku Uskochi, akaimba kwa Kigaeli, lugha yao ya asili, nyimbo za kina mama waliokuwa wanakaa meza moja wanagongagonga kitambaa cha sufu kibichi ili kishikane, mmoja anaanzisha wenzake wanaitikia, mdundo ni kile kitambaa kinavyotua mezani. Bibi yangu na wenzake kwenye kinu, yaani vile vile. (Kitambaa kilikuwa kinaloweshwa mkojo uliolala, hilo nalo katuambia watu tuna vinywaji mkononi.) Walikuwepo na Waingereza wawili na nyimbo za mabaharia, kuitikia raha ila kusema kweli ukifika wa tatu zinafanana.

Na zile jigi zao, yaani nyimbo zao za kuchezea, ukihesabu mapigo zinakwenda sita sita, kiuno changu cha Mombasa kikaingia chakacha chenyewe, hakuna aliyenishangaa.

Huyo mwandishi akipata safari aje Januari, kuna tamasha la Celtic Connections hapa tangu 1994. Tiketi za ukumbini zinauma lakini baa kama ile kiingilio ni bure, bia atanunua mwenyewe.

Msomaji wenu, Glasgow