Niwe Walii wa Mdogo Wangu, au Nitimize Ahadi ya Harusi ya Watu?

Ndugu Mhariri, pamoja na wasomaji wenzangu,

Salamu kwenu nyote. Mimi ni mpigapicha wa kujitegemea mwenye umri wa miaka 34, mzaliwa wa Tanga, na ninaishi Magomeni, Dar es Salaam, pamoja na mke wangu na binti yetu mmoja. Tangu mwaka 2016 sijawahi kuwa na kipato kingine zaidi ya kamera, na kipato hicho hutokana kwa sehemu kubwa na harusi: nikahi, ndoa za kanisani, sherehe za kumuaga bibi harusi, singo na kichenipati. Ninaandika kwa sababu sina budi kufanya uamuzi kabla ya tarehe 10 Januari, na kila niliyemwendea nyumbani kwa ushauri ni mhusika katika jambo lenyewe, hivyo hakuna ambaye naweza kulipokea jibu lake bila kujiuliza kwanza analisema kwa faida ya nani.

Mdogo wangu wa kike anaolewa Tanga Jumamosi ya tarehe 7 Februari 2026. Siku hiyohiyo nina harusi ya mteja hapa Dar es Salaam, niliyekubaliana naye tangu Agosti na ambaye amekwisha kunilipa nusu ya fedha. Kama mgongano ungekuwa huo tu, ningeomba radhi upande mmoja na kuuvumilia ukali wa maneno. Lakini baba yetu alifariki mwezi Julai mwaka huu, babu mzaa baba alitangulia zamani, na katika watoto watatu tuliozaliwa na baba na mama mimi ndiye mwanamume pekee. Kwa hiyo mimi ndiye walii wa mdogo wangu, yaani mimi ndiye ninayepaswa kumwoza.

Huenda mtu akauliza kwa nini siku zigongane wakati mwaka una Jumamosi zaidi ya hamsini. Asiyeijua kazi hii hawezi kujua kwamba kalenda ya mpigapicha wa harusi hupangwa na dini mbili. Wakati wa Kwaresma harusi za Wakatoliki husimama karibu zote, na wakati wa Ramadhani hakuna anayeoza. Zamani ukame huo ulinijia kwa mafungu mawili, nami nilijua jinsi ya kuvuka. Mwaka huu wa 2025 Jumatano ya Majivu, inayofungua Kwaresma, iliangukia tarehe 5 Machi, Ramadhani ikiwa ndiyo kwanza imeandama, na mwakani vyote viwili vitaanza pamoja baada ya katikati ya Februari. Ndiyo maana kila mwenye binti anataka kumaliza shughuli ndani ya Shaaban, mwezi unaotangulia Ramadhani, kabla mlango haujafungwa. Wazee wangu waliichagua tarehe 7 kwa sababu ileile iliyomfanya mteja wangu aichague, na tena walisubiri mama amalize eda yake ya miezi minne na siku kumi, iliyokwisha mwishoni mwa Novemba, ndipo wakakaa kupanga. Hakuna aliyeniuliza nina nafasi gani. Kwa fikra za nyumbani, mtu asiye na mwajiri ana nafasi siku zote.

Nililitafakari sana jambo hilo baada ya msiba. Dada yangu, ambaye ni mhasibu katika kampuni binafsi, alipewa siku nne za likizo yenye malipo kwa ajili ya maziko ya baba, kwa kuwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamlazimisha mwajiri kumpa mfanyakazi angalau siku hizo anapofiwa na mzazi, na humpa baba mwenye ajira siku tatu mke wake anapojifungua. Mimi sina wa kumwomba siku hata moja. Binti yangu alipozaliwa mwaka 2022 nilikuwa Moshi kwenye sherehe ya kumuaga bibi harusi, nikamwona akiwa na siku mbili. Mke wangu hakulalamika, na siku ya akika niliwapiga wageni wote picha nzuri sana, yeye na mtoto wakiwa katikati, mimi nikiwa nyuma ya lenzi kama kawaida.

Sasa nieleze yaliyotokea mwezi Julai, kwa sababu bila hayo shauri langu halieleweki.

Asubuhi ya Jumamosi, tarehe 19, nilikuwa nyumbani kwa bibi harusi mmoja Mikocheni, nikipiga picha za hina iliyokuwa mikononi mwake, simu ilipotetemeka mfukoni. Nilijua kuwa baba anaumwa, lakini wiki mbili nyuma nilikuwa nimemwacha akikaa kitandani mwenyewe na kunywa uji wake bila msaada, nikaona mambo yanaelekea vizuri. Aliyepiga alikuwa baba mdogo. Aliniambia kwamba kaka yake amefariki muda si mrefu, kwamba maziko yatakuwa baada ya swala ya alasiri, kisha akaniuliza, “Tukusubiri?”

Ilikuwa saa nne kasoro. Kutoka Dar es Salaam hadi Tanga kwa njia ya Chalinze na Segera ni kama kilomita 350, safari ya saa tano hadi sita ikiwa malori yatakupa njia. Kama ningekodi gari wakati uleule, ningefika watu wakiwa wanaswali alasiri au wakiwa wametoka tu kuswali, na wangenisubiri kidogo. Hesabu hiyo niliifanya palepale, simu ikiwa sikioni, na naikumbuka vizuri. Nikamjibu, “Msinisubiri, baba mdogo. Mzikeni.”

Sitaki kujificha nyuma ya kazi. Ni kweli kwamba msaidizi niliyekuwa naye alikuwa hajui zaidi ya kubeba taa na kubadilisha betri, na ni kweli kwamba bibi harusi yule hakuwa na mpigapicha mwingine. Lakini sikumwambia mtu yeyote pale, sikuomba ruhusa ambayo pengine ningepewa, na sikumpigia simu mwenzangu hata mmoja kuuliza kama yuko karibu. Niliiweka simu mfukoni, nikarudi kwenye hina. Alasiri, wakati ambao kwa hakika Tanga walikuwa njiani kuelekea makaburini, mimi nilikuwa nimepiga magoti kwenye zulia nikipiga picha ya baba wa bibi harusi akiwa ameushika mkono wa mkwewe na kutamka maneno ya kumwoza bintiye. Nilimaliza kazi saa tano usiku, nikapanda basi, na alfajiri ya Jumapili nikaonyeshwa kaburi ambalo udongo wake ulikuwa bado na unyevu.

Mama anaamini kuwa nilichelewa kwa sababu maiti haiwekwi, na watu wote wa nyumbani wanaamini hivyo, kwa kuwa ndiyo desturi yetu. Baba mdogo hajawahi kumwambia mtu kwamba aliniuliza. Ananiita kama zamani, ananitania kama zamani, na hilo linanitesa zaidi kuliko kama angenigombeza.

Kwenye arobaini shangazi aliniuliza kwa nini sikuja na kamera. Sikuwa na jibu. Siku ile usiku niliitafuta picha ya baba katika diski zangu, ambamo wamo wazee wa watu wengine kwa maelfu, nikapata tatu tu, zote za siku moja. Kila nilipokwenda Tanga na lenzi au flashi mpya nilikuwa namwomba baba asimame ukutani nijaribie mwanga, naye alisimama bila kuuliza, mikono nyuma, hata nusu saa, kisha mimi nilizifuta picha hizo ili kadi ipate nafasi. Hizo tatu zilisalia kwa kusahaulika. Katika moja amefumba macho kwa sababu ya flashi.

Picha za harusi ile ya Julai, nasema bila kujisifu, ndizo bora kuliko zote nilizowahi kupiga. Zimesambaa sana, na hasa ile ya mzee aliyeushika mkono wa mkwewe. Mteja wangu wa tarehe 7 Februari alinipata kupitia picha hiyo. Alinitumia kwenye simu na kuniandikia kwamba baba yake, anayeishi Muscat, atakuja kumwoza mwenyewe, na kwamba anataka baba yake apigwe picha “namna hii hii”. Nilikubali siku ileile. Tulipatana shilingi 2,800,000, akanitumia 1,400,000 kwanza. Fedha hizo zilimalizia deni la matibabu ya baba, zikanunua sehemu ya chakula cha arobaini, na zilizobaki zikaingia kwenye kodi ya nyumba. Leo hazipo.

Nimejaribu njia nilizoziona. Nilimwomba baba mdogo nikahi ifungwe Ijumaa baada ya swala, sherehe ibaki Jumamosi, nami nirudi Dar es Salaam usiku. Akasema upande wa bwana harusi wanatoka Pemba, usafiri umepangwa na kadi zimekwisha kuchapishwa. Nilimwendea sheikh wa mtaani kwetu, akanihakikishia kuwa walii anaweza kuwakilishwa na mtu mwingine, na kwamba nikimpa baba mdogo uwakala ndoa itakuwa sahihi kabisa. Nilifurahi, nikampigia mdogo wangu. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, “Kaka, kama ni wakala, baba mdogo angeniozesha tangu mwanzo. Mimi nilikuwa nakusubiri wewe.”

Nilizungumza pia na mpigapicha mwenzangu, mtu mwaminifu na hodari, ambaye Jumamosi hiyo bado yuko huru. Yuko tayari kunishikia kazi kwa shilingi 1,800,000, maana yake nitabaki na milioni moja badala ya kupoteza zote, na sitalazimika kurudisha kianzio nisichokuwa nacho. Tatizo ni kwamba mteja hakununua picha tu, alinunua jicho langu. Mkataba wangu, ambao niliuandika mwenyewe kwa kuunganisha vipande vya mikataba ya wenzangu, unaniruhusu kuleta mtu mwingine wa kiwango changu endapo nitaugua. Hauna neno lolote kuhusu msiba wa mpigapicha wala harusi ya nyumbani kwake. Mteja bado hajui chochote. Nikimwambia mapema, ana haki ya kudai fedha zake zote, na katika msimu huu anaweza kukosa mpigapicha mwingine wa kumridhisha. Nikimwambia kwa kuchelewa, nitakuwa nimemdhulumu. Kumpelekea mwenzangu asubuhi ya harusi kwa kisingizio cha ugonjwa, kama nijuavyo wengine hufanya, ni jambo ambalo sitalifanya.

Mke wangu, ambaye ndiye anayejua kila shilingi ya nyumba yetu inakwenda wapi, na ambaye ameshaweka ada ya chekechea ya Januari katika hesabu ya fedha hizi, amesema niende Tanga. Mama alipopigiwa simu alinyamaza kwa muda, kisha akasema, “Mwanangu, mimi sina neno. Ila mdogo wako hana baba.” Shangazi, kwa upande wake, hana shaka kabisa kwamba nitakuwepo, na ameniagiza nisisahau kamera, kwa kuwa hakuna fungu lililotengwa kwa mpigapicha. Walii mwenye kamera shingoni, sijui atashika mkono wa bwana harusi kwa mkono upi.

Ninayoomba kwenu ni haya. Kwanza, kwa wale waliowahi kuajiri mpigapicha, fundi wa mapambo au mshereheshaji: mngependa kuambiwa nini, na kwa namna gani, na mtu ambaye ameshatumia kianzio chenu na sasa anataka kutuma mwingine? Je, nimweleze mteja habari yote, pamoja na kwamba picha iliyomvutia niliipiga baba yangu akizikwa, au nitakuwa ninamtwisha mzigo usiomhusu ili anionee huruma? Ninaogopa kwamba nikisema ukweli wote nitakuwa nimeutumia msiba wa baba kama hati ya kuombea msamaha wa deni.

Pili, na hili sijamuuliza mtu yeyote hadi leo: nikienda kumwoza mdogo wangu, nitakaa mahali ambapo baba angekaa, mbele ya baba mdogo, ambaye anajua nilichomjibu siku ile. Je, nimweleze mama na mdogo wangu kabla ya siku hiyo, au ninyamaze niwaache washerehekee, kwa kuwa kusema sasa kutanipunguzia mimi uzito na kuwaongezea wao? Mke wangu pia hajui. Atajua akiisoma barua hii, kwa sababu nimekusudia kumpa aisome kabla sijaituma.

Kuhusu kupanga kazi yangu huko mbele, nimeanza kidogo: mkataba mpya nitauongezea kifungu cha msiba na dharura ya familia, na msaidizi wangu nimeanza kumfundisha kupiga, si kubeba taa tu. Mwenye uzoefu wa namna ya kuweka akiba ili kianzio cha mteja kisiguswe hadi kazi iishe, nitamshukuru akinielekeza, kwani hapo ndipo nimekuwa nikijikwaa miaka yote.

Mteja ameniarifu kwamba tarehe 10 Januari atanitumia sehemu ya pili ya malipo, shilingi 700,000. Nikizipokea bila kumwambia kitu, nitakuwa nimekwisha kuchagua. Nitashukuru sana mkinijibu kabla ya siku hiyo.

Wenu,
Mpigapicha wa Magomeni,
Dar es Salaam, Desemba 2025