Jangwa letu linazama saa kumi

Chumbageni, Tanga

Shoga yangu mpenzi,

Salamu nyingi, na watoto natumai wazima huko Maskati. Sisi huku hatujambo, joto tu ndilo linalotuonea. Picha zako za jangwa la Wahiba zimefika zote, na nimezionyesha mtaa mzima mpaka watu wameanza kunikimbia. Ile ya vilima vya mchanga jua linapozama, ngamia na kivuli chake kirefu kuliko yeye mwenyewe, mdogo wangu aliitazama akanyamaza. Akaikuza, akaipunguza, akaniuliza umepiga kwa kamera gani. Nikamwambia kwa simu. Hakufurahi. Unamjua, mkate wake ni picha za harusi, na hapendi kabisa kusikia mtu kapata picha nzuri bila kubeba mizigo.

Basi kuanzia siku ile nyumba nzima ikawa jangwa, jangwa. Nauli ya Maskati hana, mimi ndiyo sina kabisa, na hapa petu hakuna jangwa la kusema twende Ijumaa turudi Jumapili. Ndipo akaja na habari ya Maziwe. Wewe pengine unaijua kwa jina tu, kama nilivyokuwa naijua mimi: lile fungu la mchanga lililo mbele ya Ushongo, kusini ya Pangani, kama kilomita 8 baharini. Hakuna mti, hakuna kibanda, ni mchanga mtupu. Zamani kilikuwa kisiwa chenye mivinje yake, bahari ikawa inakimega kidogo kidogo, na miaka ya mwanzo ya 1980 ilipoingia hapakuwa na mti hata mmoja. Dogo akasema hilo ndilo jangwa letu, kasoro yake moja tu, linazama.

Ijumaa mchana tukaondoka na hema la kuazima, kapu la chapati na samaki wa kukaanga, na begi la kamera ambalo hakuniruhusu hata kuligusa. Njia ya Pangani unaikumbuka, mkonge huku na huku. Kwenye pantoni mzee mmoja aliona kamera akatuchangamkia, akasema tukifika ng'ambo tuulizie Kikogwe, ndiko mkonge wa kwanza ulikopandwa mwaka 1893. Anasema kati ya miche 1,000 iliyotolewa Florida iliyofika hai ni 62 tu. Nikamtazama dogo, maana tulikuwa tumepita mashamba yasiyo na mwisho, yote hayo babu yao ni miche 62 iliyonusurika melini! Yeye alikuwa anafuta lenzi, hakusikia kitu.

Hema tulilifunga Ushongo chini ya mivinje, si chini ya minazi. Nazi ikianguka usiku haiulizi mgeni wala mwenyeji.

Sasa nikueleze hesabu ya dogo, maana safari yote ilikwenda kwa hesabu hiyo. Alitaka usiku wa giza, usio na mwezi, apige nyota. Lakini mwezi ukiwa umefichika ndipo bamvua linapokuja, yale maji makubwa, na siku za bamvua pwani hii maji hujaa karibu saa kumi, alfajiri na jioni, na kupwa karibu saa nne. Kwa hiyo jangwa letu linakuwa chini ya maji saa zile zile ambazo wapiga picha wanazililia, jua likiwa chini na mwanga ukiwa laini, na linatoka lote wakati jua limeshapanda juu na vivuli vya mchanga vimefupika. Ningekuwa mimi ningekwenda siku za maji mafu, bahari isipojaa sana, nikaacha nyota. Yeye alitaka vyote viwili. Nahodha alipoulizwa alicheka, akasema tutoke saa kumi na mbili na nusu asubuhi, tukalisubiri fungu litoke mbele ya macho yetu.

Jioni ile Kilimia, lile kundi dogo la nyota, kilikuwa kinashuka upande wa nyuma yetu, juu ya minazi. Nikamkumbuka bibi, Mungu amrehemu, na lile neno lake, Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua. Na kweli masika hayako mbali, hewa yenyewe ilikuwa imeanza kuwa nzito. Nikalala. Saa tisa usiku naamshwa, "Dada, dada, toka uone." Nilitoka na hasira zangu, shoga, zikaishia mlangoni mwa hema. Njia ya Maziwa, ule mkanda mweupe wa nyota, ilikuwa imesimama juu ya bahari upande wa kusini-mashariki, nene, na maji yalikuwa yamejaa mpaka karibu na miguu yetu. Dogo kaweka kamera kwenye stendi yake, lenzi pana ya milimita 20, kaifungua yote, kaacha mwanga uingie sekunde 20. Akizidisha hapo, anasema, nyota zinaburuzika, maana dunia haisimami kumngoja. Tochi yetu ilikuwa imefungwa karatasi nyekundu. Hiyo si mbwembwe ya picha: vijana wanaolinda kasa pale walituomba tusiwashe taa nyeupe ufukweni, kasa jike akiiona anaghairi kupanda kutaga, na vitoto vikianguliwa vinafuata taa badala ya kufuata bahari.

Hao vijana ndio walionifungua macho kuhusu Maziwe. Kasa bado wanakwenda kutaga kule kwenye fungu kama zamani, ila siku hizi bamvua linapita juu na mayai yangeoza. Kwa hiyo yanachimbuliwa kwa uangalifu, yanaletwa Ushongo na kufukiwa upya, na baada ya kama miezi miwili vitoto vinatoka. Halafu kijana akaniambia eti joto la mchanga ndilo linaloamua, ukiwa wa moto zaidi wanazaliwa majike. Nikamuuliza kwa joto hili la mwaka huu waume watatoka wapi. Akacheka tu, lakini si cheko la furaha.

Asubuhi tukapanda mashua. Tulipofika nahodha akazima mashine, akasema, "Ni hapa." Hapa wapi? Maji matupu! Kisha nikaona povu linavunjika mahali pasipo na kitu, na ndege weupe wamesimama kama wamesimama juu ya bahari yenyewe. Kidogo kidogo ukatoka mgongo mwembamba wa mchanga, mweupe mpaka unaumiza macho. Mchanga wako wa Wahiba una wekundu wake, huu wetu ni matumbawe na makombe yaliyosagika, na ule weupe unaisumbua kamera. Inadhani mwanga umezidi, inatia giza, mchanga unatoka kijivu kama saruji. Dogo akawa anaiongezea mwanga kwa makusudi, anatazama, anaongeza tena. Jua bado lilikuwa chini kiasi, na ile mistari ya mawimbi iliyochorwa mchangani, kila mmoja ulikuwa na kivuli chake chembamba. Akalala kifudifudi, kiwiko kimoja majini, suruali yote maji. Mtu anayewapigia kelele maharusi, inua kidevu, geuka kulia, mshike mkono, pale alikuwa kimya anasubiri wimbi moja limalize kurudi.

Mimi nilikatazwa kukanyaga. "Dada, nyayo!" Kila nikiinua mguu, "Dada, nyayo!" Alitaka jangwa safi, lisilo na alama ya mtu. Basi nikafunga kanga kiunoni nikasimama majini pembeni pamoja na nahodha, tunakula chapati zetu. Nahodha akaniuliza kwa sauti ndogo, "Huyu amesomea?"

Baadaye dogo akaja anatazama kioo cha kamera, uso umemshuka. Picha zilikuwa nzuri, mimi naapa zilikuwa nzuri. Lakini akasema hazisemi kitu, ule mchanga unaweza kuwa fungu zima au unaweza kuwa sinia la unga mezani, mtu hajui ukubwa wake. Akafungua simu, akatoa picha yako. Akaitazama kwa muda. "Ni ngamia," akasema. Akafunika ngamia kwa kidole, na kweli shoga, vile vilima vyako vikawa matuta tu. Akaondoa kidole, vikarudi kuwa milima.

"Dada, nenda kasimame kule mwisho."

Sasa nyayo ruksa! Nilitembea mpaka ncha ya fungu, kanga imelowa, upepo wa kaskazi unaivuta, mkononi chapati yangu iliyobaki. Kwa hiyo ukiulizwa, ngamia wa Maziwe ni mimi. Na ndiyo picha aliyoichagua, imeipita hata ile ya nyota aliyoniamshia saa tisa. Mimi nyota ndizo ningezitundika ukutani, lakini hakuniuliza.

Kufika saa sita jua lilikuwa halivumiliki na dogo mwenyewe akafunga begi. Tuliporudi Ushongo tulilala kama magogo. Saa kumi nikatupa macho baharini, pale palipokuwa na jangwa palikuwa na buluu tupu.

Picha sikutumii kwa simu, dogo amekataa, anasema zinapungua ubora njiani. Amezisafisha karatasi kubwa, na shangazi anasafiri mwezi ujao kwenda kumwona binti yake, atakuletea. Mpokee vizuri, anapenda kusifiwa viatu. Na wewe nifanyie mambo mawili. La kwanza, muulize yule dereva wenu wa jangwani watalii wanafunika kamera kwa kitu gani upepo ukianza, maana lenzi ya dogo ukiizungusha sasa inakwaruza, na brashi yake haifui dafu. La pili ni ubani, shangazi akirudi nao nitashukuru, lakini uwe wa Dhofar wa kweli, si ule ulioniletea mwaka juzi.

Shoga yako wa Chumbageni